Mashine Ilipotetemeka Mpakani

Siku ile naikumbuka kwa watu wake, mwanangu: Mjomba Saidi, kaka wa marehemu mama; Bwana Amadi, jirani tuliyepakana naye shamba; mdogo wangu Momadi, mpima ardhi, na mashine yake ya kupimia; na mimi. Gesi ilikuwa imeonekana baharini, na ardhi yetu ya Tungue ilikuwa inapimwa ili itwaliwe kwa fidia. Mpaka ukikosewa, shamba la marehemu baba lingehesabiwa kuwa la mwingine.

Mimi niliacha shule mama alipofariki, nikawalea wadogo zangu. Momadi alisoma kwa jembe langu. Sasa watu walikuja kwetu wakimuulizia yeye, na mimi kazi yangu kuwapa kiti. Najua si vizuri kumhusudu uliyemlea, lakini husuda haibishi hodi.

Jana yake, jua lilipozama, Momadi alipima kwa Bwana Amadi, mashine ikatulia. Siku ile, saa ileile, penye mikorosho aliyoipanda baba, alama ikawa inarukaruka, mara kwetu, mara kwa jirani. Momadi akasema haandiki kitu, turudi asubuhi. Akaeleza kwamba mashine husikiliza vyombo vilivyo angani, na sauti yao hupita katika tabaka la hewa ya juu lililotiwa umeme na jua. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likizama tabaka hilo huinuka. Likiinuka kwa kasi, mapovu mepesi hupanda kutoka chini yake na kuitikisa sauti. Likizembea, shwari. Tena kuna pepo za huko juu, mawimbi ya hewa yatokayo kwenye mvua za mbali, na hali ya jua lenyewe.

"Msimu wake unajulikana, dada. Leo au kesho, hata mabingwa hawana hakika. Ni kama uji: moto uleule, chungu kilekile, povu hupasuka linapotaka."

"Unanifundisha uji niliokulea nao?" nikamwambia. "Jana kwa Bwana Amadi mashine ilikuwa na akili. Leo kwa mayatima ndiyo imelewa? Au umeonjeshwa ndizi zake?"

Bwana Amadi akacheka, akaenda kuyasimulia. Mjomba hakucheka.

"Mwana wa dada yangu, usisafirie nyota ya mwenzio," akasema. "Na hiyo umeiwasha mwenyewe."

Asubuhi alama ilikaa palepale penye mikorosho. Lakini maneno ya ndizi, kwamba alihongwa, yalikwisha kumfikia mkubwa wake wa kazi, na Momadi akaondolewa kazini. Leo analima huko Diaca.

Mwanangu, jambo likiwa vingine leo kuliko jana, tafuta sababu kabla hujamtaja mwizi. Na wivu ukikupanda, nyamaza kwanza; maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akupe moyo unaoshiba kwa neema ya nduguyo.

Momadi alikwisha kunisamehe. Ila kwetu, aliyechafua jina mbele ya watu hulisafisha mbele ya watu walewale. Mjomba amefariki. Bwana Amadi alihamishwa, nami sijui aliko. Deni hilo bado ninalo.