Aliyetuambia ni Zebaki

Kwenye machimbo walimwita Daktari Nyundo. Jina lake ni Donatus Maige, mtoto wa wakulima wa pamba nje kidogo ya Shinyanga mjini, na nyundo yenyewe ilikuwa ya mpira, ya kugongea magoti ya wagonjwa. Wachimbaji waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walimtania kwamba nyundo hiyo haivunji hata karanga. Alijibu kwamba karanga hazina mishipa ya fahamu.

Mishipa ya fahamu ndiyo kazi aliyosomea. Alianzia Dar es Salaam, akaenda nje ya nchi miaka minne, akarudi wakati wenzake wamebaki huko. Nesi Nyamizi, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, alinisimulia kwamba daktari alikuta watu wanatetemeka, wengine wamekufa ganzi, wengi wao wakiosha dhahabu kwa zebaki mikono mitupu. Akazunguka kwenye mialo yote ya kuoshea dhahabu akigombana na wenye beseni, akigawa glavu. Wengi walioiacha zebaki walipona kweli. Kipimo cha mkojo kilipelekwa mbali na majibu yalikaa miezi, kwa hiyo baada ya miaka hakusubiri tena. Aliuliza tu, "Unaosha dhahabu?" Ukisema ndiyo, jibu alikuwa nalo tayari.

Dada yangu Lusia alisema ndiyo.

Ilikuwa mwaka 2017. Lusia alikuwa ameolewa na Marwa, kijana aliyetoka Tarime kutafuta dhahabu huku Geita. Marwa alisaga mawe kwenye karasha, Lusia akaosha mchanga. Walikuwa hawajapata mtoto bado, ila walipendana mpaka watu wakachoka kuwasema. Siku moja jicho la kulia la Lusia likaanza kuuma kila akiligeuza. Akaniambia kanga yangu nyekundu anaiona kama imefuliwa miaka kumi. Baadaye ganzi ikamshika kuanzia kiunoni kushuka chini. Mama alimpeleka kwanza kwa mfumu, mganga wa kienyeji, kuku akachinjwa, ganzi ikabaki pale pale. Ndipo tukaenda kliniki, mimi nikiwa na Edward wangu mgongoni.

Daktari alimwamkia mama yetu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akamgonga Lusia magoti, akamtazama jicho, akauliza swali lake.

"Ni zebaki," alisema. "Ukirudi kwenye lile beseni utakufa. Hama kabisa, hata ile nyumba."

Marwa alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nimeishika miaka kumi, Daktari. Mbona sitetemeki?"

Daktari alimjibu kwamba sumu haigawanyi sawa. Marwa hakuridhika. Mwalo ule ndio ulikuwa shamba lake na ng'ombe wake, hakuwa na kingine. Waligombana miezi miwili, na mwisho akasema Lusia ametafuta kisingizio cha kumkimbia. Lusia akafunga vitu vyake akaja kwangu Buseresere. Marwa hakumsindikiza hata stendi.

Huku akapona. Jicho lilirudi, ganzi ikatoka taratibu, mwezi wa tatu akawa anabeba ndoo ya maji kichwani. Daktari alifurahi kama amepona yeye. Kila tuliporudi kliniki alimkalisha Lusia kwenye benchi awaeleze wenzake, na wako wanawake walioacha mwalo kwa kumsikiliza yeye. Nyumbani nilimkuta mara nyingine amekaa na ungo mapajani, mchele haupepetwi, machozi yanamtoka. Nikimuuliza, anasema si kitu, walau yu hai.

Mwaka wa tatu ugonjwa ukarudi. Hapakuwa na zebaki wala mwalo, palikuwa na jiko langu tu na watoto. Safari hii ilikuwa miguu yote miwili, na joto la mchana likizidi hata kijiko kilimdondoka. Daktari alimpima kwa muda mrefu bila utani, akatuandikia kwenda Mwanza kupigwa picha ya kichwa.

Majibu hakutuitia. Alikuja mwenyewe, Jumamosi, akiendesha gari, akakataa kiti akakaa kwenye mkeka karibu na Lusia. Nilikuwa namnyonyesha mdogo wake Edward.

Alisema kwenye picha kuna madoa, na ugonjwa unaitwa MS. Kinga ya mwili inageuka na kuchuna ganda la mishipa, kama waya wa karasha unavyochunika ukaanza kukatakata umeme. Unakuja, unaondoka wenyewe, halafu unarudi. Hiyo zebaki haikuhusika. Kisha akasema kitu ambacho hakuwa na lazima ya kukisema. Ile miaka minne ya nje, utafiti wake ulikuwa wa ugonjwa huo huo. Walimu wake walimfundisha kwamba ni wa Wazungu wa nchi za baridi.

"Niliusomea miaka minne," alisema, "halafu nikakutana nao hapa nikapita bila kuusalimia."

Lusia akauliza, "Kwa hiyo ningebaki kwa Marwa ningepona vile vile?"

"Mara ile, ndiyo."

"Na dawa?"

"Zipo za kuuchelewesha. Zilitakiwa zianze wakati ule."

Mimi nilimtazama mtoto, kwa sababu sikuweza kuwatazama wao.

Dada hakumtukana. Alimwomba jambo moja tu: aende akamwambie Marwa kwamba hakumkimbia. "Mimi hataniamini," alisema. "Wewe ndiye uliyesema."

Akaenda. Aliporudi, Lusia alimtaka asifiche kitu, naye hakuficha. Marwa ana mke sasa na watoto wawili. Alizima karasha ili asikie vizuri, akamwomba daktari arudie tangu mwanzo. Kisha akasema, "Kama kungekuwa na nauli ya kurudi mwaka ule, Daktari, ningekupa wewe uende." Akaongeza kwamba Lusia aambiwe amesikia. Halafu akawasha karasha.

"Aliamini?" Lusia aliuliza.

"Aliamini."

Tangu siku hiyo daktari na Nyamizi walifungua mafaili yote ya zamani yaliyoandikwa zebaki, wakaanza kuwatafuta watu, Kahama, Geita, mpaka vijiji visivyo na basi. Wachache walikutwa wana ugonjwa wa Lusia. Kwa wengine walikuta makaburi tu, na kaburi halipigwi picha. Aliandika taarifa kwa madaktari wenzake kwamba ugonjwa huu upo hata kwetu. Lusia alikubali kuandikwa, ila kwa sharti kosa nalo liandikwe. Daktari alikuja akamsomea kwa Kiswahili, na kosa lilikuwa ukurasa wa kwanza.

Amestaafu sasa, nywele nyeupe, lakini kila baada ya miezi miwili anakuja Buseresere. Dawa Lusia anapata. Zinazuia kilichobaki, hazirudishi kilichoondoka.

Mwezi uliopita alimkuta amelala chali kivulini. Akatoa ufunguo wa gari, akapitisha ncha yake kwenye unyayo mmoja, kisigino mpaka vidoleni, kisha ule mwingine. Mimi nilikuwa naanua nguo, nikaona vidole gumba vikijiinua vyenyewe, ishara ambayo Nyamizi aliwahi kuniambia si njema.

Lusia alikuwa akitazama juu kwenye majani. "Umeshaanza, Daktari?" aliuliza.

Daktari alikuwa amekwisha maliza.