Mwenye Ploti Darasani

Shule zilipofungwa wakati wa korona, mwalimu mkuu alinipa sharti moja: darasa langu la hesabu la mtandaoni liwe na watoto kumi kufikia Ijumaa, la sivyo livunjwe. Shule yetu ndogo iko Kawangware. Mimi nilifundishia chumbani kwangu Sarang'ombe, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Niliapa kwamba halivunjwi.

Jumatatu niliona majina manne tu. Matatu yalikuwa ya wazazi ninaowafahamu. La nne liliandikwa "Mwenye Ploti", na kamera ilikuwa imezimwa. Niliweka swali la sehemu, zile nusu na robo, kwenye programu moja ya kubonyeza jibu kwa rangi. Mwenye Ploti akabonyeza nyekundu, kijani, kisha nyekundu tena. Watu wazima wasio na shughuli walikuwa wamezoea kuingia madarasani kufanya vituko, nami sina subira na upuuzi. Nikamtoa.

Dakika haikuisha, simu ikaita. Alikuwa msichana wangu wa darasa la sita.

"Teacher, mbona umetutoa? Tuko saba hapa kwa simu ya landlord! Kila mtu alikuwa anataka kubonyeza yake."

Nyuma yake mzee akanguruma, "Mwalimu, unanifukuza aje na bundles za intaneti ni zangu?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimeishi kwenye ploti, vyumba vya kupanga vilivyobanana, maisha yangu yote, najua simu moja nzuri hutumiwa mlango hadi mlango, na bado nilihesabu simu badala ya watoto. Nikamwomba mzee radhi, nikawarudisha.

Lakini programu ilikubali jibu moja tu kwa kila simu, na sikutaka sita wakae wakimtazama mmoja. Jumanne nikabadilisha mtindo, nikamwomba mzee awashe kamera. Kila mtoto aliandika jibu kiganjani kwa biro. Nikihesabu tatu, wote wanainua mbele ya kamera. Kisha wanabishana, wanakubaliana, ndipo mmoja anabonyeza. Kelele zilikuwa za sokoni. Jumatano mtandao ulikatika mara nne, na mara nne nikaanza upya.

Ijumaa mwalimu mkuu akaingia darasani kwa simu yake.

"Naona majina manne," akasema. "Nilisema kumi."

"Nipe dakika moja tu."

Nikauliza: nusu ukijumlisha na robo ni ngapi? Nikahesabu tatu. Viganja vitatu vikainuka, kimoja kwenye kila simu ya mzazi. Kwa Mwenye Ploti kioo kikajaa mikono, na mwalimu mkuu akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja?"

Kiganja cha mwisho kilikuwa cha mzee mwenyewe, kipana, chenye madoa ya rangi ya ukuta. Watoto waliandika tatu juu ya nne; chake kilikuwa kimeandikwa mbili juu ya sita.

"Darasa liendelee," akasema mwalimu mkuu. "Na huyo mwenye mkono mkubwa, mwanzishie sehemu upya."