Taa Mbili na Mbuzi wa Kuazima

Mama yangu ni muuguzi katika zahanati ya milimani, kule Ukambani. Wagonjwa wasioweza kutembea huwafuata nyumbani kwa pikipiki ya magurudumu manne, sanduku la dawa limefungwa nyuma. Jioni moja gurudumu la kushoto lilivuka ukingo wa korongo, akaanguka nayo. Mkono ulipona. Lakini tangu siku hiyo jua likishuka haipandi tena, na wanaomhitaji ng'ambo ya korongo hungoja mpaka kuche.

Ndiyo maana Jumamosi moja tuliishusha pikipiki hiyo kutoka kwenye pikapu katika Soko la Burma, jijini, mbele ya fundi wa umeme wa magari ninayemstahi kuliko waandishi wengi ninaokunywa nao chai. Ni mzee mwembamba, miwani yake imeungwa kwa waya, na kibanda chake kimeegemea bucha, moshi wa mbavu za kuchoma ukimpitia usoni kutwa.

"Niwekee zote nne," Mama alisema, akimpa mfuko wa taa za LED. "Juu kabisa, kama za lori la Mombasa."

Fundi aliwasha injini, akagusisha kipimo kwenye betri, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu punda wako hana nguvu hiyo. Taa nne zitamaliza betri, halafu umsukume na mikono."

"Wewe hujaiona njia yangu."

"Sijaiona. Ulianguka upande gani?"

"Kushoto."

"Na uliona nini kabla ya kuanguka?"

"Mti wa ng'ambo niliuona vizuri. Chini sikuona kitu."

Basi mzee akafunga taa mbili tu, chini, karibu na magurudumu: moja ikitazama mbele, nyingine ikiinamia kushoto. Alivuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akauepusha na joto la ekzosi. Vidole vyake vilikwenda taratibu, kama vya mtu anayemsuka bintiye asiyependa kuvutwa nywele. Hakuacha kiungo hata kimoja uchi. Mimi hufuta sentensi kumi ili nipate moja. Yeye hakurudia hata fundo.

Kwa kuwa jua la saa sita halipimi taa, tuliisukuma hadi ndani ya stoo ya makaa ya bucha, isiyo na dirisha. Mama alipopanda, mwanga ukapanda ukutani.

"Unaona?" fundi alisema. "Ukikaa, nyuma inashuka, taa zinatazama mbinguni. Sanduku lako lina uzito gani?"

"Kama mbuzi mdogo."

Fundi akachungulia mlangoni. "Bosi! Niazime mbuzi."

"Robo ama nusu?" mwenye bucha aliuliza.

"Mzima. Namrudisha saa hii."

"Mzee, tangu lini nyama ikaazimwa?"

Lakini alimleta, amefungwa kwenye nailoni, akakazwa kwa kamba nyuma ya Mama.

"Mchungaji wangu asinione hivi," Mama alisema, akiziba mdomo kwa kicheko.

Fundi alilegeza nati, akaziinamisha taa kidogo kidogo. Mwanga ukateremka ukutani, ukalala sakafuni, ukaufuata mfereji wa maji uliokuwa upande wa kushoto.

"Usiniangalie mimi. Niambie mfereji umemeguka wapi."

Mama aliinama mbele. "Pale, baada ya gunia la tatu. Na tofali moja limelegea."

Nilikuwa nimesimama karibu na gunia hilo, na tofali hilo sikuwa nimeliona.

Fundi akakaza nati. "Haya, zima."

Mama hakuzima. Aliendelea kuutazama ule ukingo, mikono yake imetulia kwenye usukani. Kisha akaniuliza pikapu ingeondoka saa ngapi.

"Tukitoka sasa utafika mapema," nilimwambia. "Jua halitakuwa limetua."

"Basi tusitoke sasa," alisema, akageuka kumtazama mwenye bucha. "Huyu mbuzi wangu, tukatie kilo moja, uchome polepole. Nataka nifike korongoni giza likiwa limeingia."