Zamu ya Mama Mkwe

Mabegi yetu tuliyapima kwenye mzani wa kahawa. Jirani yetu pale Mbinga mjini ana mzani wa kuning'iniza, anapimia kahawa yake nyumbani kabla ya kuipeleka kwenye chama cha ushirika, kwa kuwa mzani wa chama hauamini. Nadhani anawaonea, lakini mzani wake ulitusaidia. Tulikuwa tumeambiwa begi moja kila mtu kwenye ndege, tena la uzito uliopangwa, na begi la mume wangu lilipotundikwa kwenye ndoano, mshale ulipita pale unapotakiwa kuishia. Nikafungua. Chini ya mashati kulikuwa na sululu, chuma peke yake bila mpini, imeviringishwa kwenye taulo.

"Kwani Sudani Kusini hakuna chuma?" nikamuuliza.

"Chuma kipo. Lakini hiki kimenizoea."

Nikakitoa, naye hakubisha. Ili niwe mkweli niseme kwamba begi langu nalo lilikuwa na kahawa ya unga kutoka kwetu Ukata, tena si kidogo, ila lilipita kwa sababu nguo zangu ni chache.

Tulikuwa tunakwenda kujitolea miaka mitatu. Parokia ilitafuta mke na mume, mume awe fundi, na mume wangu ni mchimbaji wa visima. Mimi nilitakiwa kufundisha wanawake kushona. Elimu yangu ni darasa la saba na cherehani ya masista, na mpaka leo sijui kwa nini tulichukuliwa sisi wakati wapo waliosoma. Labda wao hawakuomba.

Yakabaki kuaga. Kwetu milimani tuliaga bila shida, walilia kidogo wakatupa maharage ambayo yasingeingia kwenye begi lolote. Kwao mume wangu ni Ngumbo, ziwani, na huko alibaki mama yake peke yake. Mume wangu ndiye mtoto pekee aliye hai. Wiki moja kabla alimpigia simu mtoto wa baba yake mdogo, ambaye ni jirani wa mama, akaomba ampe mama simu. Nilikuwa nimekaa pembeni. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema, "Mama, tunakwenda kujitolea," akarudia mara kadhaa. Mama akasema, "Nimesikia, mwanangu," na simu ikakatika.

Tuliposhuka Ngumbo tulimkuta amekaa barazani anatenga usipa wakavu, vile visamaki vya ziwani, na mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe mwanamke wa milimani, umekonda au ni gauni?"

"Ni gauni, mama."

"Afadhali. Nilifikiri umeanza kula ugali wako mwenyewe."

Tukacheka. Anapenda kusema sisi Wamatengo tunasonga ugali kama tunakandika ukuta. Niliingia ndani kuweka mizigo, na nikaona kona imekuwa tupu. Kwenye kona ile hukaa sufuria mbili kubwa za kikundi cha kuzikana, na juu yake mikeka, na nyuma yake koleo na majembe. Nyumba inayotunza vyombo vya msiba ni nyumba inayoheshimiwa pale kijijini, na mama mkwe alikuwa amevitunza tangu mumewe alipofariki. Nikatoka nikauliza vyombo viko wapi.

"Nimewarudishia," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Si mmejitoa?"

Mume wangu akadhani anatania. "Mama, nani kajitoa?"

"Wewe. Umenipigia simu ukasema unajitoa. Nikawaita wenye kikundi, nikawaambia mwanangu amejitoa, chukueni sufuria zenu. Sikutaka waje kuzidai. Mtu hangoji kufukuzwa."

"Nilisema kujitolea, mama. Ku-ji-to-le-a. Kazi ya kanisa, bila mshahara."

"Kuna tofauti gani?"

Wote wawili tulikuwa tunatafuta namna ya kueleza. Lugha ya nyumbani kwa mama ni Kinyasa, na Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Neno kujitoa alilijua sana, maana watu hujitoa kwenye vikundi kila mwaka wakigombana. Hilo lingine, sina hakika kama amewahi kulisikia. Nikasema, "Mama, kujitoa ni kuacha watu. Kujitolea ni kuwaendea."

Akaniangalia. "Kuwaendea akina nani?"

Waliokuwa wanaendewa hawakuwa yeye.

Jioni hiyo shemeji yangu akaja, huyo mtoto wa baba mdogo, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kikundi. Nilitaka nimchukie, na nimejaribu, lakini haikuwezekana. Mvua ilipojaza maji kwenye kaburi la baba mkwe ni yeye aliyeshuka ndani kuyateka kwa ndoo. Aliposikia habari ya neno alicheka mpaka akapiga goti lake.

"Kumbe! Na sisi tulishakusema vibaya, kaka. Tulisema mjini pamekuharibu."

"Basi rudisheni vyombo," akasema mume wangu.

Shemeji akaacha kucheka. "Neno limenyooka. Lakini nikuulize, ukiwa huko, zamu yako ya kuchimba ataishika nani?"

Utaratibu wao ni kwamba kila nyumba inatoa mtu wa kufanya kazi kwenye msiba. Mume wangu alikuwa anashuka kutoka Mbinga kila akiitwa, hata akiwa ameacha kisima cha watu katikati, na kwa kuwa kuchimba ndiyo kazi yake, walimtegemea.

"Nitatuma hela."

"Hela ya sanda tunayo. Tunachokosa ni migongo. Vijana wote wamekwenda kutafuta maisha. Nikikukubalia wewe utume hela, kesho wote watatuma hela, na maiti itatuangalia."

"Na mama yangu akifa?"

"Tutamzika. Sisi si wanyama. Lakini atazikwa kama mgeni, kwa huruma. Sitaki kukudanganya, kaka."

Mume wangu akasimama akaenda zake kule majini. Nilimfuata baadaye, nikamkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Tuahirishe?" akaniuliza.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisema ndiyo. Nilimwambia aamue yeye, huku nikijua kwamba mimi nataka kwenda, na yeye akijua hivyo. Lakini nusu yangu ilikuwa imekaa kule barazani na yule mama. Sijui kama nusu hiyo inahesabika.

Asubuhi mama akamwita shemeji kabla hatujamaliza chai. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, ile ya kazi.

"Zamu ya nyumba hii nitaishika mwenyewe," akasema.

"Mama mkubwa, utachimba?"

"Nitapika. Au maiti wa siku hizi wanazikwa na watu wenye njaa? Nitasonga, nitaosha sufuria, nitachota maji."

"Miguu yenyewe hiyo?"

"Sisongi kwa miguu, mjinga wewe."

Shemeji alicheka, na mume wangu akamwambia mama aache, kwamba hatutaondoka. Mama akamgeukia.

"Ukibaki utakaa hapa unaniangalia kila siku kama nimekufa tayari? Nenda. Lakini usinitafutie mtu wa kunihurumia. Nikizikwa, nizikwe na watu ninaowadai."

Shemeji akasema kwamba kwenye utaratibu wao hakuna mahali palipoandikwa kuwa mtu wa nyumba lazima awe mwanaume, wala asiwe mzee. Mchana sufuria zikarudi. Mama alizipangua akazipanga upya, akilalamika kwamba wamezirudisha na masizi.

Tukaondoka. Mabegi yalipita uwanja wa ndege.

Sasa tupo huku miezi kadhaa. Ardhi ni ngumu, lakini watu wana moyo, na wanawake wangu wameshajua kukata mkono wa gauni. Juzi shemeji alipiga simu. Kulikuwa na msiba kijijini, mama alisonga ugali wa watu wote siku mbili, na alipomaliza hakuweza kuinuka, wakambeba na kiti mpaka nyumbani. Hajaumia, mgongo tu. "Ametimiza," shemeji akasema. "Hakuna mtu wa kusema neno." Nilisikia kwenye sauti yake kwamba anampa mume wangu habari njema, na kwa kweli ilikuwa njema.

Mume wangu alimshukuru. Kisha akashuka kisimani. Kwa kawaida yeye na vijana wanapokezana kuchimba, lakini siku hiyo alikataa kutoka, kila wakimwita anasema bado, zamu yake haijaisha. Nilikwenda na maji ya kunywa nikayateremsha kwa ndoo na kamba. Ndoo ilirudi imejaa udongo.