Nilivyomfuata Manju Shija kwa Pikipiki

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha kifua kikuu pale Bariadi nilifunga dirisha, nikaambiwa nilifungue. Aliyeniambia alikuwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya, mzee mrefu, mpole, mwenye shati jeupe lililofuliwa hadi kola ikachakaa. "Sista," alisema, "hapa hewa ndiyo dawa ya kwanza." Nilikuwa nesi kijana kutoka wodi ya wazazi, na niliipokea barua ya uhamisho huku nikilia.

Ninyi mnaosomea uuguzi leo mjue tulianzia wapi. Mgonjwa alitumia dawa mwaka mzima na zaidi, nazo zilikuwa zikikatika mara kwa mara. Kisha biashara ikafunguliwa nchini. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia hadi vijiji kama Nkoma, na maduka ya dawa yakazuka kila penye soko. Mtu akikohoa alinunua vidonge vichache, akapata nafuu kidogo, akarudi shambani na ugonjwa wake.

Ndipo wizara ikapata wafadhili kutoka Ulaya. Wilaya yetu, wakati huo bado ikiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ilipokea darubini mpya, rejesta, dawa za miezi minane zisizokatika, na pikipiki moja nyekundu. Mganga Mkuu wa Wilaya aliuliza nani ataiendesha. Mratibu alikuwa na goti bovu. Wanaume wengine walitazamana.

"Nitaiendesha mimi," nikasema.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira, nikaanguka mara mbili, mara ya pili nikatua katikati ya shamba la pamba la mchungaji. Mwezi uliofuata nilikuwa naikimbiza vijijini, na akina mama wa Nkololo walitoka majumbani kunipigia vigelegele.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote ni Shija wa Mwamapalala. Alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo. Miezi miwili ya kwanza alikunywa dawa kila siku mbele ya macho yetu, akanenepa, akaanza kututania. Tulipompa ruhusa ya kwenda kuchukua vidonge vyake kila mwezi kwenye zahanati ya karibu na kwao, akapotea. Mtu wa namna hiyo tulimwita mtoro, na mtoro akiacha dawa njiani, wadudu waliobaki huzoea dawa na kuwa sugu.

Mratibu aliniita. "Mshauri wa wafadhili anakuja Jumatatu kukagua. Akiuliza habari za Shija tutamwambia ukweli. Lakini kwanza, mtafute."

Nilikwenda Mwamapalala. Mke wake akaniambia mumewe yuko Nkololo, kwenye ngoma za mavuno. Nikageuza pikipiki. Nilimkuta mchana kweupe, katikati ya umati, akiimba. Sikutaka kumwaibisha mbele za watu, nikasubiri mpaka alipotoka kupumzika nyuma ya ghala.

"Mwadila, baba," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," akaitikia, akiniita mama. "Umekuja kucheza?"

"Nimekuja na vidonge vyako."

"Mimi nimepona. Hukusikia nilivyoimba?"

"Nimesikia. Nimesikia pia unavyokatisha wimbo ili uvute pumzi."

Akasema polepole, "Wafuasi wangu wakijua ninaumwa kifua, watahamia kwa manju mwingine."

"Na wakijua umepona kabisa, watahamia kwa nani?"

Alinitazama, halafu akacheka mpaka akakohoa. Akaomba maji, akameza vidonge palepale. Nilidhani yameishia hapo, kumbe bado. Alinishika mkono akaniingiza uwanjani, akawaambia watu kwa Kisukuma kwamba huyu ndiye nesi wake, kwamba kifua chake kilikuwa kinaoza na sasa kinapona. Kisha akatunga wimbo papo hapo, wa pikipiki nyekundu inayokimbiza watoro. Umati ukaitikia. Nami nilicheza, na viatu vyangu vya kazi vikajaa vumbi.

Wiki ile walikuja watu kutoka Nkololo wakikohoa, wakisema wametumwa na wimbo.

Mshauri, daktari mzungu mwenye Kiswahili cha vitabuni, alifungua rejesta Jumatatu. Nilimwonyesha majuma ambayo Shija hakunywa dawa, nikamweleza nilikompata. Alitafakari, akasema, "Naomba nimwone huyu mwimbaji." Wakaonana, wakaelewana kama ndugu.

Shija alimaliza dawa zake zote. Siku ya kipimo cha mwisho cha makohozi, mtaalamu wa maabara alimruhusu achungulie kwenye darubini, akamweleza kwamba wadudu wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vyekundu kwenye rangi ya buluu. Shija alitazama muda mrefu.

"Naona buluu tupu," akasema.

"Ndiyo kupona huko," nikamjibu.

Alitoka akiimba kwenye korido yote, na Mratibu, aliyechukia kelele, hakumkataza.

Nimestaafu sasa. Nasikia siku hizi mashine inatoa jibu la makohozi kwa muda mfupi, na simu inamkumbusha mgonjwa dawa. Nafurahi kwa moyo wote. Ila mgonjwa anapoacha dawa, mara nyingi kuna jambo analoliogopa kuliko ugonjwa wenyewe, na hilo hatalitaja mpaka umfuate alipo, umsalimie vizuri, na umsubiri amalize kuimba.