Kombi ya Baba Mkwe na Sevisi Zake

Nilipoolewa mjini Mazwi nilikuta nyumba ya wakwe zangu ina mjadala mkubwa, na kwa bahati nzuri haukuwa juu yangu. Bibi harusi aliyetoka kijiji cha Kaoze, kule bondeni, mwenye lafudhi nzito na miguu iliyozoea matope ya mpunga, angeweza kuchunguzwa kwa muda mrefu. Lakini wiki niliyoingia mimi ndiyo iliyoingia kombi, na macho yote yakaenda kwenye kombi.

Ilikuwa karibu mpya. Baba mkwe aliinunua kwa mtaalamu wa visima, mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Rangi yake ya maziwa, viti havijapasuka hata kimoja, na mlango wa ubavuni ulifungwa bila kuupiga teke. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, mwenye duka la nguo na chumvi. Zamani alikuwa pia na malori ya kubeba mahindi, lakini ununuzi wa mahindi ulikwisha kuwa kazi ya serikali, na malori yakaozea uani. Kombi ndiyo iliyomrudishia cheo cha mtu mwenye usafiri.

Swali lililoigawa nyumba lilikuwa hili: kombi ifanyiwe sevisi kila baada ya muda gani?

Mume wangu alijifunza ufundi kwenye malori ya baba yake, kwa hiyo alijiona ndiye msemaji. Alikuwa na kijitabu kilichokuja na gari. "Kila maili elfu tatu," alisema. "Kitabu kimesema."

"Kitabu kimeandikwa na watu wenye lami," baba yake akamjibu. "Hao wamewahi kuiona barabara ya kwenda Tunduma wakati wa kiangazi? Vumbi lile linaingia mpaka kwenye chumvi."

Mama mkwe alikuwa na msimamo wake. Alisema kitu kipya hakifunguliwifunguliwi, na kwamba mtu ukimpeleka hospitali kila mwezi akiwa mzima, watamtafutia ugonjwa mpaka waupate. Wanaume walimcheka. Kisha baba mkwe akanigeukia kwa heshima, maana nilikuwa mgeni.

"Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

"Utakavyosema wewe, baba."

Jibu hilo lilinipa sifa ya busara ambayo iliniganda miaka mingi. Ukweli ni kwamba sikujua sevisi ni nini.

Mambo yaliamuliwa na jambo jingine kabisa. Zile zilikuwa siku za kampeni. Leo kilimo cha kufa na kupona, kesho usafi, keshokutwa watu wahamie vijijini wakae pamoja. Kila kampeni ilikuwa na wajumbe, na wajumbe hawakwenda kwa miguu. Magari ya serikali hayakutosha, kwa hiyo mwenye gari alitembelewa na afisa wa wilaya, kijana mstaarabu mwenye suti ya mikono mifupi, akaombwa akubali kulitoa. Kuombwa ni neno lao. Sijamsikia mtu aliyekataa.

Siku ya kwanza afisa huyo alipofika kwetu, mume wangu alikuwa chini ya kombi kweli, akifanya sevisi kweli. Oili ilikuwa imejaa kwenye beseni, plagi zimepangwa juu ya gunia kama meno ya mzee. Afisa akatazama, akasikitika.

"Pole sana, mzee. Nilitaka kukuomba gari kidogo."

"Ungefika jana, ndugu yangu!" baba mkwe akasema, naye alikuwa anasema kweli.

Afisa akavuka barabara, akaenda kwa jirani mwenye pikapu. Pikapu ile ilichukuliwa kwa siku chache, ikakaa mpaka mvua zikaanza, na iliporudi ilikuwa imeinamia upande mmoja. Dereva wake alitembea nayo barabarani polepole, na baba mkwe alisimama mlangoni mwa duka akaitazama mpaka ikaingia uani kwa mwenyewe.

Jioni ile, baada ya kula, alitoa uamuzi. "Nimefikiri juu ya sevisi. Tutafanya kila itakapohitajika."

"Itahitajika lini, baba?" mume wangu akauliza.

"Redio itatuambia."

Tangu hapo kombi ya baba mkwe ikawa na ratiba ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuifikiria. Redio ikitangaza kampeni, kesho yake asubuhi mume wangu yuko chini ya gari. Katika wiki zenye mkutano mkubwa ilifunguliwa mara mbili. Oili mpya ilikuwa haipatikani, ilitoka kwa mgao, na mgao ulitoka kwa mgao mwingine, kwa hiyo tulimwaga oili ile ile tuliyoimwaga juzi. Kazi yangu ilikuwa kuichuja kwa kanga yangu kuukuu, kuisubiri itulie kwenye beseni mahali ambapo mtu akipita njia ataiona, na jioni kuirudisha. Niliifahamu oili ile vizuri. Nilijua uzito wake na harufu yake kuliko nilivyojua manukato ya harusi yangu.

Mume wangu mwanzoni alinung'unika. "Hii si sevisi. Hii ni kumvua mtu nguo na kumvisha tena zilezile." Lakini alikuwa mtoto mtiifu, na nadhani alipenda kulala kule chini, mahali ambapo hakuna aliyemtuma dukani.

Afisa alizoea. Alipita, akachungulia uani, akasema, "Tena?"

"Tena," baba mkwe akajibu kwa huzuni. "Gari la mzungu, ndugu yangu. Linadeka."

"Unaitunza sana, mzee. Wengine wangeiga."

Nilitazama uso wa afisa kila mara niweze kujua kama anatukejeli. Sikuweza kujua. Alikunywa chai yetu, akashukuru, akaenda.

Mwisho wa kiangazi kimoja alikuja akiwa na haraka, hata chai alikataa. Alisema watu wa bondeni wanahamishiwa kwenye kijiji kipya, mvua ziko karibu, wapo wazee na wana vyakula vya mwaka mzima, na lori walilopewa limekatika ekseli. Je, kombi haiwezi kufungwa haraka? Baba mkwe akamwonyesha beseni. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni, kanga mkononi, oili imenifika viwikoni. Bonde ni refu, nilijiambia. Lina vijiji vingi.

Afisa akakuna kichwa, akapanda Landrova yake, akaondoka.

Haikupita muda mrefu baba yangu akatokea. Alikuja kwa baiskeli, na sehemu kubwa ya njia aliisukuma, maana kupanda ule mlima kutoka bondeni hata gari linapumua. Nilimkuta mlangoni mchana, matope yamemkaukia mpaka kwenye kope. Nikapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Maji."

Alikunywa, akaketi uani, akapokelewa kwa heshima zote. Baba mkwe alifunga duka akaja kuketi naye. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mashamba. Kisha baba yangu akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Sisi tumehama, mzazi mwenzangu."

"Mmehama?"

"Tumehama. Mpunga tumebeba kichwani. Milango tumeing'oa, tumebeba kichwani. Mama yake huyu alibebwa kwenye machela, miguu yake unaijua. Siku mbili mvua ikatukuta njiani, mpunga mwingi ukaota kwenye magunia." Akageuza kikombe mkononi. "Tuliahidiwa gari. Baadaye wakatuambia lipo la tajiri mmoja wa Mazwi, lakini ni gonjwa. Nikasema masikini, Mungu amponye."

Kombi ilikuwa palepale mbele yetu, imeoshwa, inang'aa kama bakuli. Baba yangu aliitazama akasema, "Hii yenu nzuri."

Nilitaka ardhi ifunguke. Mama mkwe akainuka ghafla kwenda jikoni kwenye chungu ambacho hakikuwa motoni. Baba mkwe alikaa, mikono juu ya magoti, akiitazama kombi yake. Kisha akamwita mume wangu.

"Weka petroli yote tuliyo nayo. Pakia mabati yale ya stoo. Na magunia ya mahindi. Kesho tunampeleka mzazi mwenzangu kwake."

"Baba, gari—"

"Gari nini? Si tumelifanyia sevisi juzi?"

"Tumelifanyia," mume wangu akasema.

Tuliondoka asubuhi, mume wangu akiendesha, baba mkwe kushoto kwake, mimi na baba yangu nyuma pamoja na baiskeli, mabati na magunia. Juu huku kulikuwa na baridi na nyasi zimelala kwa upepo, na safari ilikuwa raha kabisa. Baba mkwe alichangamka. Alimweleza baba yangu bei za kanga, akamwonyesha jinsi kiti kinavyosogea. Nilianza kufikiri kwamba mambo yanaweza kusamehewa bila kutajwa, jambo ambalo katika ukoo wangu ndiyo njia ya kawaida.

Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni, mawe yakaanza kutupiga chini. Katikati ya mteremko nikaona taa nyekundu imewaka mbele ya mume wangu.

"Ni taa gani hiyo?" baba mkwe akauliza.

"Ya oili."

"Haiwezekani. Hakuna gari katika mkoa huu lililotazamwa oili kama hili. Taa ndiyo mbovu. Endelea."

Mume wangu alimtazama baba yake, akatazama taa, akaendelea. Hata mimi niliona ni sawa. Oili ile nilikuwa nimeichuja mwenyewe.

Tulifika chini kwenye joto, na hapo injini ikalia kama mtu anayesaga mawe, kisha ikanyamaza. Mume wangu akaingia chini ya gari, mahali alipopajua kuliko kitanda chake, akakaa sana. Alipotoka alikuwa mweupe midomo.

"Nati ya kumwagia oili haipo. Imedondoka njiani."

"Imedondokaje? Hukuikaza?"

"Niliikaza, baba. Meno yake yameisha. Nimeifungua na kuifunga mpaka ikabaki inashikilia kwa adabu tu." Akajifuta mikono. "Injini imenoki, imekufa."

Baba mkwe akaketi juu ya jiwe. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomtoka puani, na baba yangu, ambaye hakujua anachekea nini, akacheka naye kwa heshima. Kisha baba mkwe akamweleza. Alimweleza yote, redio, beseni, kanga yangu, afisa na chai yake. Mimi niliangalia milima. Baba yangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo lile gari gonjwa ni hili."

"Ndilo."

"Basi dua yangu haikufika," baba yangu akasema, akaondoka kwenda kutafuta maksai.

Kombi ya rangi ya maziwa iliingia kijiji kipya cha Kaoze ikivutwa na maksai, baba mkwe akitembea kando yake kama mtu anayesindikiza jeneza. Kijiji chenyewe kilikuwa vigingi na kamba tu, na vibanda vya nyasi hapa na pale. Mama yangu alikuwa amelala chini ya turubai. Baba mkwe alimsalimu akiwa amevua kofia, na kesho yake alivua na kanzu, akaingia msituni na baba yangu kukata miti. Hakuwa na gari la kumrudisha, ni kweli. Lakini malori mawili yalipita kwenda mjini na hakuyasimamisha. Alibaki mpaka nyumba ikasimama na mabati yakapanda juu, viganja vyake vimetoka malengelenge, akipokea amri za baba yangu bila ubishi.

Afisa alikuja kukagua maendeleo. Alipoona kombi alisimama ghafla. Mkutano ukaitishwa papo hapo, na mbele ya watu wote akatangaza kwamba huyu hapa ni mwananchi wa mfano, mfanyabiashara aliyeleta gari lake mwenyewe na mikono yake mwenyewe, bila hata kuombwa, kwa faida ya kijiji. Akamtaka aeleze siri ya kulitunza gari vile.

Baba mkwe alisimama, akakohoa. "Tulilifanyia sevisi," akasema, akaketi.

Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa baba yangu. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, na sikumwuliza.

Injini nyingine ilichukua zaidi ya msimu mzima kupatikana. Wakati huo wote kijiji hakikuwa na ofisi, na kombi ilikuwa na viti, madirisha na mlango unaofungika, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akaomba kuitumia, na safari hii baba mkwe alikubali mara moja. Waliandikishia wanachama humo, wakasuluhisha ugomvi wa mipaka, wakapimia watoto uzito. Mume wangu aliposhuka hatimaye kutoka mjini na injini ndani ya lori alikuta kikao kinaendelea, kuku amelalia mayai chini ya kiti cha dereva, na mwenyekiti akamtaka asubiri nje mpaka wamalize mengineyo.