Mifumo Miwili ya Mama Justina

Mwaka 1999, pale Mwisenge, mtaa wa Musoma, mwalimu aliyetaka mtihani uliochapwa vizuri alielekezwa kwa Dafroza, ambaye watu wengi walimwita Mama Justina. Zamani alikuwa mchapaji wa chama cha ushirika cha pamba kule Bunda. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, chama kikayumba, wachapaji wakapunguzwa. Akahamia Musoma mjini, akapanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya watu, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika kwa wamisionari waliokuwa wanarudi kwao. Kaka yake wa Butiama alimwambia wazi: chumba kikimshinda arudi, mihogo ipo na jembe lipo. Dafroza hakutaka kurudi kwenye mihogo.

Kompyuta hiyo ilikuwa na mfumo wa zamani, ule wa skrini nyeusi na maandishi meupe, usio na picha hata moja. Kuutazama tu kulichosha, lakini printa ya sindano iliuelewa. Dafroza alikuwa anatoa utepe wa wino, anaweka stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, halafu sindano kavu zinaipiga mpaka herufi zinakatika. Stensili inapelekwa shuleni, inafungwa kwenye mashine ya kudurufu, na mitihani ya darasa zima inatoka.

Shida ilianza wateja wa maofisini walipotaka barua zenye nembo na herufi za mapambo. Dafroza akamwita Kasmiri, fundi kutoka Bunda, akamwekea mfumo mpya wa madirisha na kipanya. Barua zikapendeza kweli. Kisha akachapa humo mtihani wa darasa la saba, akaujaribu kwanza kwa utepe kwenye karatasi ya kawaida, ukatoka safi. Akatoa utepe, akaweka stensili.

Mwalimu mkuu Machage alipokuja kuichukua, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Herufi zote za mviringo zilikuwa zimedondoka matumbo.

"Mama Justina, huu ni mtihani au chekeche?"

"Mwalimu, ni huu mfumo mpya. Unachora herufi kama picha, sindano zinapiga mahali pamoja mara nyingi."

"Mimi mifumo siijui. Najua watoto wana jaribio Jumatatu. Ijumaa mchana nikikosa stensili, kazi za shule yangu nazipeleka kwingine. Na sisi walimu wakuu unatujua, tunafuatanaga."

Dafroza alijua. Barua za maofisini zilikuja mojamoja. Shule ndizo zilizolipia chumba.

Alhamisi asubuhi Kasmiri akashuka kwenye basi la Bunda na begi lake la bisibisi na disketi. Alisikiliza, akakaa, akasema kuna njia tatu.

"Ya kwanza, tufute mpya, urudi ulikotoka."

"Na watu wa barua?"

"Ndio uwaage. Ya pili, wa zamani uishi ndani ya mpya, kama mpangaji. Unafungua dirisha moja, unafanyia kazi humo. Hiyo namaliza sasa hivi. Ya tatu, niigawe diski sehemu mbili, kila mfumo na sehemu yake. Ukiwasha, mashine inakuuliza unaingia wapi. Ila kugawa ni lazima nifute kila kitu kwanza."

Neno kufuta lilimtisha. Akachagua ya pili. Kasmiri akabofya, na ile skrini nyeusi ikatokea ndani ya dirisha, ndogo, kama televisheni ndani ya televisheni. Dafroza akaandika mtihani upya humo, akaupeleka kwenye printa. Sindano zikalia mpaka swali la tisa, zikanyamaza. Kipanya hakikusogea. Mashine ilikuwa imeganda na nusu ya stensili mdomoni.

"Kumbukumbu yake ni ndogo, mifumo yote miwili inaigombania," alisema Kasmiri. "Tuwashe tena, tubahatishe."

"Kasmiri, unaweza kuwaweka wake wawili kwenye ghala moja?"

"Sasa wake wameingiaje hapa, dada?"

"Baba alijaribu, kwetu Kiabakari. Kila jioni alikuwa anaamuaga ugomvi wa mtama, mwisho wake yeye ndiye analala njaa. Akajenga ghala la pili, kila mama na lake, akaanza kula. Igawe hiyo diski."

"Nimesema inafuta kila kitu."

"Nimesikia."

Wakauhamishia mtihani kwenye disketi, kisha barua za wateja. Kasmiri alikuwa tayari kufuta, Dafroza akamshika mkono.

"Ufungue kwanza humo kwenye disketi."

"Si imeandika kwamba imenakili?"

"Fungua."

Disketi ikakwaruza, ikakataa. Kasmiri akaitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Akatoa nyingine begini, wakanakili tena, na safari hii Dafroza akasoma maswali yote mpaka la mwisho.

"Haya, futa."

Kazi ilikula mchana wote. Giza lilipokuwa linakaribia kuingia, mashine iliwaka na kuuliza swali lake kwa maandishi meupe: moja, mfumo wa zamani, mbili, mfumo mpya. Dafroza akabonyeza moja, kisha akazima, akawasha, akabonyeza mbili. Yote miwili ilifunguka. Hapo ndipo alipozikumbuka nyimbo za kwaya. Ursula, katibu wa kwaya ya parokia, alikuwa amemletea kurasa za nyimbo za Krismasi, akazichapa wiki mbili, kurasa akamrudishia. Hakuzinakili popote, na sasa zilikuwa zimefutika.

"Dada, kuna tatizo?" aliuliza Kasmiri.

"Hamna. Funga begi lako, basi litakuacha."

Ijumaa kabla ya saa sita Machage aliinua stensili mpya dirishani. Aliisoma polepole, mpaka kwenye hesabu za sehemu, akatafuta tundu hakuliona.

"Hii sasa ni kazi," alisema, akaiviringisha. "Mwenzangu Burito atakuletea ya kwake saa nane. Nilikuwa nimemwambia asubiri nione kwanza."

"Aje nayo. Na stensili aje nazo mwenyewe, zangu zimeisha."

Machage alipotoka, Dafroza akazima mashine, akawasha, akabonyeza mbili. Akafungua ukurasa mtupu, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kuchapa wimbo wa kwanza kwa kadiri alivyoukumbuka, kabla Ursula hajapita kuzichukua.